Sansa Clip+ yenye Rockbox: kanda za ami yangu zimepata pa kukaa

Mimi nashona kofia, Langoni, Lamu. Kofia ya vito, ile inayotarizwa kwa vitundu vidogo vidogo, ikiagizwa na mwenye haraka hunichukua miezi miwili, na nikishona kwa raha zangu hufika minne. Muda wote huo mikono ina kazi, macho yamo kwenye vitundu, kilichobaki bila shughuli ni masikio tu. Basi msinishangae nikiandika maneno mengi juu ya kidude cha kusikilizia chenye ukubwa wa kibiriti. Wenzangu huandika zaidi ya haya juu ya pikipiki.

Simu ninayo, na nilijaribu. Haifai. Ukifika ubeti mtamu inalia, mtu wa Shela anauliza kofia yake imefika wapi. Ukiitia kimya, wateja wanakununia. Na kila ukitaka kurudisha wimbo nyuma ni lazima uiwashe, uitazame, uiguse, na ukirudi kwenye kofia hesabu ya vitundu imeshakupotea. Nilitaka kitu chenye vitufe, ambavyo kidole gumba kitavijua gizani.

Bin ami yangu anayesoma Mombasa ndiye aliyenitafutia. Sansa Clip+ ya SanDisk, ya GB 4, mtumba, shilingi 2,800, ikaja na basi hadi Mokowe na kutoka hapo kwa boti. Ilitoka kiwandani mara ya kwanza 2009, kwa hiyo nilipokea mzee. Mgongoni ina kibanio, nami nakibana kwenye leso. Skrini ni ndogo, maandishi ya juu manjano na ya chini buluu. Ina redio ya FM, maikrofoni, na ubavuni tundu la kadi ya microSD. Picha za jalada haionyeshi. Bluetooth haina, waya ni wa kuchomeka, na mimi sina ugomvi na hilo kwa sababu waya ukianguka naufuata mpaka naupata.

Sasa hizo kanda. Marehemu ami alikuwa na redio kaseti kubwa ya mkono, na akialikwa harusi au Maulidi haendi bila hiyo. Aliacha kanda 43. Juu ya kila ganda aliandika kwa penseli, kwa hati nzuri ya Kiarabu au kwa herufi za Kirumi kulingana na alivyoamka siku hiyo: harusi ya fulani, Mkomani, usiku wa pili. Bin ami alizipitisha kwenye laptopu kwa programu ya Audacity, likizo mbili nzima, moja moja. Kanda ya saa moja ikiingia kama WAV, yaani sauti isiyokandamizwa, inakula karibu MB 600. Ukiikandamiza kwa FLAC bila kupoteza kitu inashuka nusu hivi, na hizo ndizo tulizoweka kwenye diski kama akiba. Za kusikiliza tulizigeuza Opus, mtindo unaokandamiza zaidi, ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja haifiki MB 30, na kwa kanda ya harusi yenye vigelegele na watoto wanaolia sijasikia tofauti yoyote. Hesabu yake ni kwamba usiku wote wa ami, 43, unakaa ndani ya GB 1 na ushei.

Tatizo lilianza hapo. Programu iliyokuja na Clip+ haiijui Opus kabisa. Hata zile za MP3 tulizojaribu kwanza, ilizipanga kwa kufuata lebo zilizomo ndani ya faili, mwimbaji, albamu, jina la wimbo, na kwa kuwa kanda za ami hazina lebo, zote zikarundikwa chini ya neno moja la Kiingereza lenye maana ya "hajulikani". Harusi, mawaidha, qasida, zote ndani ya gunia moja. Na kila ukichomoa kebo ya kompyuta inakaa ikijisomea upya, wewe unangoja.

Bin ami akasema tuivue hiyo tuivishe Rockbox.

Rockbox ni programu ya bure, chanzo chake kiko wazi, na ilianzishwa na Waswidi mwaka 2001 kwa sababu hawakuridhika na programu ya vichezeshi vya muziki vya kampuni ya Archos. Tangu hapo wenye ujuzi wamekuwa wakiipeleka kwenye vyombo vingine: iPod za zamani, iriver, na hizi Sansa. Toleo la 3.15 lilitoka 2019, halafu kukawa kimya mpaka 4.0 mwaka 2025, na mimi ndiyo ninayotumia. Kuiweka hakukuchukua hata muda wa kuiva chai. Kuna programu ya kompyuta, Rockbox Utility, unaichomekea Clip+, unaichagulia aina ya chombo, inafanya yenyewe. Ya zamani haifutwi. Ukiwasha huku umeshikilia kitufe cha kushoto, inaamka ile ya kiwandani. Nimeiamsha mara moja tu, kuhakikisha kwamba sijaharibu kitu cha watu.

Sura yake haipendezi, niseme mapema. Menyu nilizonazo ni za Kiingereza, na zimejaa. Ukiingia kwenye mipangilio unakuta menyu ndani ya menyu, na nusu yake sijui ni za nini mpaka leo. Hata michezo imo. Mtu asiye na subira ataikimbia siku ya kwanza.

Lakini ukifungua orodha ya faili, unakuta folda zako zilivyo, kwa majina uliyoyatia mwenyewe, na kadi inaonekana hapo hapo kama folda nyingine. Ukikamatia kitufe cha katikati juu ya faili inatoka menyu ya kubadili jina, kukata, kunakili, kubandika, kufuta, kufungua folda mpya. Hilo ndilo lililoniteka. Mimi laptopu sina. Bin ami huja mara tatu kwa mwaka. Zamani kosa moja la jina ningelivumilia mpaka Idi. Sasa naketi barazani, naona "Haruzi ya Shela", nalisahihisha kwa vitufe, herufi moja moja. Ni kazi ya polepole, lakini mtu anayeshona vito hatishwi na upole. Siku moja nilihamisha folda ya mawaidha kutoka ndani kwenda kwenye kadi, nikaenda nikasali adhuhuri, nikarudi, bado inahama. Ikafika.

Tahadhari: ukifuta, imefutwa. Hakuna pipa la kuokotea. Inakuuliza mara moja, ukikubali, yaliyokwenda yamekwenda.

Mpangilio nao ni wa kueleweka. Kaka yangu ana redio ya flashi kwenye boti yake, ile inayopiga kwa kufuata iliyotangulia kunakiliwa, kwa hiyo juzuu ya 30 inakuja kabla ya ya 2 kwa sababu tu ndiyo aliyoitangulia kuitia. Rockbox hupanga kwa alfabeti, na unaweza kuiambia izisome namba kama namba kamili, 2 ikae kabla ya 10 hata usipotanguliza sifuri.

Sasa kuna ile hifadhidata, ambayo wenye Rockbox wengi wanaisifu. Unaiambia ijijenge, inapita faili zote inasoma lebo, kisha unaweza kutafuta kwa mwimbaji, kwa mwaka, kwa aina ya muziki. Kwa nyimbo zilizonunuliwa zikiwa na lebo safi, naamini ni raha. Kwa taarab ya Pwani iliyotoka kwa huyu ikaenda kwa yule kwa flashi tangu siku za kompyuta za saiba, ni kichekesho.

Chukua Zein l'Abdin, mpiga udi, mwenyeji wa hapa Lamu, mtu ambaye hapa hana haja ya kutambulishwa. Kwenye hifadhidata yangu alitokea watu watano. Zein l'Abdin. Zein Labdin. Zeinul Abidin. Zein peke yake. Na "Track 07". Juma Bhalo alikuwa na h na bila h, mara na Mohamed mbele mara bila. Mashine haina kosa, kwake herufi ikibadilika mtu amebadilika. Halafu nikaingia upande wa aina za muziki, nikakuta wote hawa wazee wamewekwa kwenye bluzi, ule muziki wa Kimarekani. Nilidhani kuna mtu anatufanyia stihizai. Bin ami akanieleza: lebo za zamani za MP3 huandika aina ya muziki kwa namba, na namba sifuri ni bluzi, basi programu iliyoacha nafasi hiyo ikiwa sifuri imemfanya kila mtu mpiga bluzi. Orodha ile ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka imo. Taarab haimo.

Lebo zenyewe Rockbox haiwezi kuzisahihisha. Hiyo ni kazi ya kompyuta, kwa programu ya Mp3tag au nyingine kama hiyo, na baadaye unairudisha uiambie ijisasishe. Bin ami alizitengeneza nyimbo 200 hivi, akachoka, akaniambia, "Dada, kwani folda zina ubaya gani?" Nilikuwa nikingoja aseme hivyo. Tangu siku ile hifadhidata yangu inahusu folda moja tu ya nyimbo safi. Kwenye nyingine tumetia faili tupu yenye jina database.ignore, na Rockbox ikiiona inapita bila kubisha hodi.

Folda zangu zimepangwa kwa njia ambayo mtengenezaji wa programu asingeifikiria. Sina "Waimbaji". Nina "Asubuhi", "Kushona", "Harusi za ami", "Maulidi", "Mawaidha", "Sauti". Ndani ya "Harusi za ami" ni mtaa, kisha usiku. Atakayeniuliza harusi ya nyumba fulani kule Mkomani nampigia kabla chai haijapoa. Wamekuja watu wawili mpaka sasa kusikiliza sauti za mama zao wakipiga vigelegele.

"Sauti" ni zile za WhatsApp. Kuna shangazi yangu Malindi hutunga mashairi akayasema kwenye simu, akatuma. Faili zenyewe zina majina kama namba za magereza, PTT, tarehe, WA na tarakimu nne, na mwisho wake .opus. Rockbox inazipiga bila kutingishika. Nazibadilisha jina hapo hapo, nakaa nazo. Simu ikifa, mashairi ya shangazi hayafi nayo.

Kadi ilinitia hasara. Nilinunua duka moja la simu, silitaji, kadi iliyoandikwa GB 64 kwa shilingi 900. Siku za mwanzo safi. Nilipozidi kuijaza, nyimbo zikawa majina matupu: unalibonyeza, kimya, inaruka inayofuata, kimya. Mara skrini inaganda. Wiki mbili nzima nikailaumu Rockbox, na nikamwambia bin ami kwamba vya bure ndivyo vilivyo. Alipokuja akaipima kadi kwa programu ya h2testw, ambayo huandika mpaka pomoni kisha husoma ilichoandika. Ukweli wake ilikuwa GB 8, vingine vyote ilikuwa inajidai. Nililirudia duka, nikaambiwa kadi ikishafunguliwa hairudishwi. Basi mnunue kadi kwa mtu mnayemjua, na mkiipata ya kweli ya GB 64 mjue kwa kawaida huja kwa mtindo wa kupanga faili uitwao exFAT, ambao Rockbox kwenye Clip+ haiusomi. Lazima iumbwe upya kwa FAT32. Mimi nilichukua ya GB 32, inakuja tayari, nikaepuka mambo.

Majina ya Kiarabu yalitoka visanduku vitupu mwanzoni. Si ugonjwa, ni fonti, yaani seti ya herufi za kwenye skrini. Kwenye zile fonti zinazokuja na Rockbox kuna Unifont, hiyo ina herufi za Kiarabu, na ukiichagua yanaandikwa kutoka kulia kama inavyopasa. Kwa skrini ya Clip+ unapata mistari minne tu. Inatosha, qasida haisomwi, inasikilizwa.

Kitu kimoja sikukitarajia kabisa. Betri za redio ya ami zilikuwa zikichoka usiku unavyokwenda, na mashine ikizunguka polepole wakati wa kurekodi, ukija kuipiga kwenye deki nzima sauti inakimbia na kupanda. Kwa hiyo kwenye kanda zake mwimbaji anaanza harusi akiwa mtu mzima, anamaliza akiwa mtoto wa chuo. Rockbox ina ukurasa wa kushusha na kupandisha sauti, kwa asilimia ndogo ndogo au kwa nusu-noti. Nilichukua kanda ya Mkomani, upande wa pili, nikaishusha nusu-noti moja, bado, ya pili, na hapo yule bwana akarudi na kifua chake. Nilisimamisha sindano. Ami alikuwepo hapo karibu na maikrofoni, unamsikia anakohoa, na kikohozi kile nacho kikarudi kuwa chake. Kuna namna nyingine, ya kupunguza mwendo bila kugusa unene wa sauti, lazima uiwashe kwanza kwenye mipangilio na uzime uwashe tena. Hiyo naitumia nikitaka kunakili beti.

Na kuna mama. Mato yake, kama anavyosema mwenyewe, yamechoka, na skrini hii hata mimi naikodolea. Rockbox inaweza kusema. Menyu zinasemwa kwa Kiingereza, hilo halimsaidii, lakini majina ya folda yanaweza kusemwa kwa Kiswahili: Rockbox Utility hutumia eSpeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo Kiswahili inakijua, inasoma jina la kila folda na kutia ndani yake faili ndogo ya sauti. Mara ya kwanza mama kusikia "Mau-lidi" na "Hau-sri", maana ami aliwahi kukosea penseli na sisi tukanakili kosa, alivua waya akanitazama.

"Huyu Mzungu kasomeshwa Kiswahili na nani?"

"Si mtu, mama, ni mashine."

"Usinitekeshe, mwanangu. Mashine ina pua?"

Kweli inasemea puani. Lakini amejifunza. Anabonyeza chini, anasikiliza, chini tena, akisikia "Mawaidha" anaingia. Huwa anaanza baada ya isha, na kwa kuwa mawaidha ya saa moja na nusu hayamalizi, nimeiweka ikizimwa iweke alama ilipofikia. Usiku wa pili inaanzia pale pale aliposinzia, hata kama yeye anashikilia kwamba hakusinzia.

Mkasa ni mmoja. Mwezi wa Ramadhani nilipanga folda upya kwenye chombo chenyewe, nikabadilisha majina mawili. Maandishi yakabadilika, sauti hapana, kwa sababu ile faili ya sauti iko ndani ya folda na inaendelea kusema jina la zamani. Mama akabonyeza "Mawaidha" akaletewa ngoma ya kumtoa bibi harusi, saa nne za usiku, masikioni. Hakuzima. Asubuhi aliniuliza ile ilikuwa harusi ya nani, akasema sauti ya tatu ni ya rafiki yake wa utotoni, na akanikataza nisiirekebishe. Nimeiacha.

Betri hunifikisha siku mbili za kushona, wakati mwingine na asubuhi ya tatu. Chumvi ya bahari imeshaanza kuigusa tundu la waya, napangusa kwa pamba na spiriti. Kuifungua na kubadili betri ni kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi kuliko mafundi wa simu niliowauliza. Na madukani hupati mpya. Hapo ndipo mashaka yangu yalipo: siku itakayokufa hii, sijui.

Kwa hiyo ikiwa una Clip+ imelala kwenye mtoto wa meza, au iPod ya zamani aliyokuachia mgeni, na inawaka, njoo Langoni uniulizie. Fedha sina nyingi, ila kuna kofia ya vito iko nusu, namba 22, na bado sijaamua itavaliwa na nani.